Maswali na Majibu: Sheria za watoto wa viwandani Uingereza

Uingereza ilitunga sheria ya wanagenzi (watoto wanaofundishwa kazi) wa viwanda vya pamba mwaka 1802. Mbona kampeni ya kuwalinda watoto wa viwandani iliendelea?

Kwa sababu haikuwa na msimamizi wa kweli. Ukaguzi waliachiwa mahakimu na makasisi wa mtaani, bila malipo. Sheria ya 1819 ilikataza watoto chini ya miaka 9 kufanya kazi kwenye viwanda vya pamba, nayo haikuleta mkaguzi hata mmoja. Ile ya 1833 ndiyo iliyoleta wakaguzi wa kulipwa: wanne tu, nchi nzima! Hata hivyo, huo ndio ushindi mkubwa kuliko kipengele chochote cha saa za kazi.

Umri ulithibitishwaje?

Kwa shida. Usajili wa vizazi England na Wales ulianza Julai 1837. Kabla ya hapo daktari alimtazama mtoto, akaandika kwamba ana nguvu na umbo la kawaida la umri unaotakiwa. Mzazi mwenye njaa alisema mtoto ana 9, bosi akakubali. Mwaka 1837 daktari wa meno Edwin Saunders alipendekeza watazame meno, maana kimo kinadanganya: mtoto aliyekosa lishe hudumaa.

Watoto walifanya kazi gani hasa?

Wengine waliunga nyuzi zilizokatika. Wadogo zaidi walitambaa chini ya mashine ya kusokota kufagia vumbi la pamba. Sehemu ya mbele ya mashine hiyo hutoka kwa magurudumu, kisha hurudi kwenye sehemu iliyotulia. Mtoto alilala kifudifudi ipite juu yake. Akichelewa kuinamisha kichwa, basi. Sheria ya 1844 ilikataza watoto kufanya kazi katikati ya sehemu hizo mbili mashine ikitembea.

Sheria ya 1847, ya vijana na wanawake kufanya kazi saa 10 tu kwa siku, ilikwepwaje?

Kwa zamu za vipande. Kiwanda kilifunguliwa saa 11 na nusu alfajiri hadi saa 2 na nusu usiku, vijana na wanawake wakiingizwa na kutolewa ovyo ndani ya muda huo. Mkaguzi akija hajui nani ameanza lini. Dawa ilipatikana 1850: kazi yao yote iwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, au saa 1 hadi saa 1, mapumziko ya saa moja na nusu yakiwemo. Wanaharakati wengi walinung'unika, kwani saa 10 zilikuwa zimegeuka 10 na nusu. Watoto wenyewe waliwekewa mipaka hiyo mwaka 1853.