Jibu: Wasifu wa babu aliyekuwa askari wa Keya na mpiga gitaa

Pole sana kwa msiba, ndugu. Umesema una medali ya nyota ya babu yako, askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), gitaa lake, na hadithi zinazogongana: mjomba anasema babu alipigana Burma (Myanmar ya leo), shangazi anashikilia Madagaska, na hujui uandike nini katika wasifu utakaosomwa Jumamosi.

Anza na medali. Ikiwa ni ya Burma, neno hilo limeandikwa mbele. Usihangaike kutafuta jina lake nyuma. Nyota za Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kawaida zilitolewa kwa askari wa Keya bila jina. Namba yake na kikosi utavipata kwenye kitabu cha kuachiwa jeshi, kama kipo sandukuni. Tena mjomba na shangazi huenda wote wana haki: Keya walipigana Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944.

Ila mimi ningekazania muziki. Nilipoandika wasifu wa babu yangu, niliwaomba wazee aliopiga nao waimbe kwanza, wasimulie baadaye. Nyimbo zilitaja watu na kambi ambazo maswali yangu hayakuzitoa kabisa. Rekodi kwa simu. Mwaka usipopatikana, andika tu "baada ya vita". Ukibuni, wazee watakusahihisha palepale mbele ya waombolezaji.