Damu ya kupima klozapini hutolewa saa 12 baada ya dozi

Kipimo cha kiwango cha klozapini, dawa ya ugonjwa mkali wa akili, katika damu mara nyingi huharibika kabla sindano haijagusa mshipa, na kinachokiharibu ni saa. Damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Aliyemeza saa 3 usiku atolewe saa 3 asubuhi. Kama ana dozi ya asubuhi, aimeze baada ya sindano. Akiimeza kwanza, namba itapanda kwa uongo, na daktari akipunguza dozi kwa kuiamini, ugonjwa unaweza kurudi. Dozi yenyewe iwe haijabadilishwa kwa wiki nzima hivi.

Tumieni kichupa cha EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), kile chenye kifuniko cha zambarau. Vichupa vya jeli tuviepuke, kwa kuwa jeli inaweza kunyonya dawa na majibu yakashuka. Kwenye fomu andikeni dozi, saa ya kumeza, saa ya kutoa damu, na kama mgonjwa anavuta sigara.

Sigara? Ndiyo, na hapa ndipo wengi huteleza. Moshi wa tumbaku huchochea kimeng'enya cha ini, CYP1A2, kinachovunja klozapini. Mvutaji akilazwa wodi isiyoruhusu sigara, kiwango chake kinaweza kupanda kwa nusu au zaidi ndani ya wiki moja, ilhali dozi ni ileile. Kinachofanya hivyo ni moshi, wala si nikotini, kwa hiyo bandiko la nikotini halizuii kupanda huko. Antibiotiki ya siprofloksasini hupandisha kiwango pia, hata maambukizi makali yenye homa. Pimeni upya kila jambo kama hili linapotokea, na tena mgonjwa akirudia sigara baada ya kuruhusiwa.

Majibu chini ya nanogramu 350 kwa mililita yanamaanisha dawa huenda haijapewa nafasi ya kufanya kazi. Juu ya 600 tahadhari huanza. Karibu na 1000 hatari ya degedege ni kubwa. Angalieni kizio cha kipimo, maana maabara nyingine huandika nanomoli kwa lita, na 350 hapo husomeka takriban 1070.

Mgonjwa akisinzia kupita kiasi, akistukastuka misuli au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri majibu. Na kipimo hiki hakichukui nafasi ya hesabu ya chembe nyeupe za damu. Hiyo iendelee kwa ratiba yake.

Aliyekosa dawa kwa zaidi ya saa 48 asirudie dozi yake kamili. Daktari humwanzisha upya kwa miligramu 12.5.