Tuulize Lugha: Orodha Inayokwama Katikati ya Sentensi

SWALI: Mhariri, tunaandika katiba ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kifungu kimoja kinasema: "Majukumu ya katibu ni kuandika mihtasari ya vikao, utunzaji wa nyaraka na anawaarifu wanachama tarehe za mikutano." Wenzangu wanasema kinakwama, ila hakuna anayeonyesha wapi.
Katibu, Morogoro

JIBU: Ndugu Katibu, vipengele vyako vitatu vina maumbo matatu. "Kuandika" ni kitenzi-jina, "utunzaji" ni nomino, na "anawaarifu" ni kitenzi chenye nafsi na wakati. Chukua maneno yanayotangulia orodha, uyasome na kila kipengele peke yake. "Majukumu ya katibu ni anawaarifu" haisomeki kabisa. "Utunzaji" unapita jaribio hilo, lakini umekaa ugenini kati ya vitenzi. Andika: "...ni kuandika mihtasari ya vikao, kutunza nyaraka na kuwaarifu wanachama tarehe za mikutano." Nomino tupu nazo zingekubalika (uandishi wa, utunzaji wa, utoaji wa), ila katiba inayomwelekeza mtu kazi yake huwa nyepesi zaidi kwa ku-.

Kagua pia kifungu cha sifa za wagombea. Hapo ndipo wengi hunaswa. "Mgombea awe na umri wa miaka 18 au zaidi, akaunti ya benki na anajua kusoma." Hapa "awe na" inabeba umri na akaunti, haiwezi kubeba "anajua". Usiogope kurudia: "awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe na akaunti ya benki na ajue kusoma." Kwenye kanusho, "kulipa ada, kuhudhuria vikao na wasichelewe" iwe "...na kutochelewa".

SWALI: Je, "Mwenyekiti alifungua kikao na kusoma ajenda" nayo ni kosa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, ni Kiswahili safi. Ku- inayofuata "na" huchukua nafsi na wakati wa kitenzi cha kwanza, mradi mtendaji ni yule yule. Akibadilika, mpe kitenzi chake: "Mwenyekiti alifungua kikao, katibu akasoma ajenda." Matendo yakiwa matatu, la katikati halina "na" ya kuliegemeza, kwa hiyo lipe -ka-: "alifungua kikao, akasoma ajenda na kuwakaribisha wageni."