Kuikata namba ya NIDA kwa Python

Ndugu, umeuliza kwa nini split("-") inaikata vizuri namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, kama 19910407-11105-00001-23 (namba ya kubuni hiyo), lakini inagoma mtu akiandika bila vistari. Kosa si la split. Wewe umetegemea kistari, na watu wanakiacha, au wanaweka nafasi. Kisichobadilika ni tarakimu 20. Basi safisha kwanza, ndipo ukate kwa kuhesabu (s ni maandishi aliyoingiza mtu):

import re
n = re.sub(r"\D", "", s)
if len(n) != 20:
    raise ValueError("Namba lazima iwe na tarakimu 20")
a, b, c, d = n[:8], n[8:13], n[13:18], n[18:]

Na tafadhali usivigeuze vipande hivyo kuwa int (namba kamili)! 00001 itabaki 1, ukija kuunganisha tena namba imeshaharibika. Kosa hili liliwahi kunilia siku nzima, nailaumu hifadhidata kumbe ni mimi mwenyewe.

Kipande cha kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo kipitishe kwenye datetime.strptime(a, "%Y%m%d"). Mtu akiingiza Februari 30, anakataliwa palepale.