Dalali mnayemsema ndiye mimi

Swali la wiki ni "Nani anamla mkulima wa Pwani?" Najua wengi mtajibu dalali. Basi huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikiuza maembe soko la Kongowea, Mombasa, na kabla hamjanitukana twendeni shamba, bara kidogo ya Takaungu, Kilifi, mwezi wa kumi.

Mwezi huo maembe ya ngowe bado machanga, makubwa kama ndimu. Kuna mama mmoja mwenye miembe saba. Mtoto wake akirudishwa nyumbani kwa karo, hunipigia simu kuniuzia maembe ya mti mmoja yakiwa bado juu. Nauzunguka, naangalia juu, nasema utatoa maembe mia tano. Yeye anasema mia nane. Tunabishana mpaka namlipa 2,000 taslimu, na kuanzia hapo upepo, nzi na tumbili ni shida zangu.

Mwezi wa kwanza narudi na vijana wa kuangua. Yanayofika sokoni mazima ni kama mia nne, nayauza kwa jumla shilingi 12 kila moja: 4,800. Toa zile 2,000 za mama, toa na 1,300 za waanguaji, kenta ya kubebea, ushuru wa kaunti na wapagazi. Nabaki na faida ya 1,500. Kuna mwaka upepo ukipiga naondoka mikono mitupu, sikatai, lakini si mingi.

Itazameni tena hesabu hiyo. Mimi nilimkopesha karo kwa miezi mitatu, na riba yake ni robo tatu ya mkopo. Maembe ni njia tu ya kulipa.

Kwa nini asiende benki? Benki inataka hati, naye ana miembe, ardhi hana. Huku kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuandikisha ardhi ya ukanda wa maili kumi kutoka baharini: aliyepeleka dai likakubaliwa akapata hati, isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wamijikenda wengi, wenyeji wa huku Pwani, wakatoka bure. Miti ile ilipandwa na bibi yake, na mpaka leo ukoo mzima unaitwa maskwota, watu wanaokaa kwenye ardhi isiyo yao. M-Pesa ilipoingia 2007 watu walisema dalali kwisha habari yake. Wapi! Bei ya Kongowea mama anaijua kwa simu vizuri sana. Atangoje vipi miezi mitatu na mtoto yuko nyumbani?

Aliyenibana kweli ni chama cha akina mama kumi na watano wa kijiji hicho. Kila Jumatano hutia shilingi mia mia kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Msimu uliopita chama kilimkopesha karo yule mama wa miembe saba. Nilipofika na 2,000 zangu alinipa maji ya kunywa, akaniambia, "Mwanangu, njoo mwezi wa kwanza. Tutahesabu."

Nikaenda. Tuliketi kwenye jamvi chini ya mwembe, yeye akitaja namba kwa sauti na kuniondolea mkono kila nilipotaka kulitupa pembeni embe lenye doa dogo. Yakatoka 430. Nikamlipa shilingi saba kila moja, 3,010, na baada ya gharama mimi nikabaki na 850, kwa kazi ya siku mbili.