Ugonjwa wa 384, na maswali mengine ya sura ya tatu ya tasnifu, ile ya mbinu za utafiti

Mwalimu, shikamoo. Natafiti usikilizaji wa redio Kaunti ya Lamu. Sensa ya 2019 inasema tuko watu 143,920, na jedwali limenipa sampuli ya 384. Nitawapata gatini wakishuka boti. Yatosha? (Mkomani, Lamu)

Marahaba. Haitoshi, na shida si idadi. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, linaloonyesha ukubwa wa sampuli kwa kila idadi ya watu, mnalinakili wote, masharti yake hayasomwi. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5, hesabu hufika karibu na 384 kwa jamii yoyote kubwa, iwe Lamu au Kenya nzima. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba watu wamechaguliwa kwa nasibu, yaani kila mmoja ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Mama wa Siyu, kisiwani Pate, asiyepanda boti mwezi mzima ana nafasi gani ya kuchaguliwa pale gatini? Hana. Hoji watu elfu mbili hapo ukipenda, bado umehoji wasafiri tu.

Na utakwenda lini? Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, wavuvi wengi utawakuta mjini. Kaskazi ikitulia wako majini. Ukipeleka dodoso mwezi wa Ramadhani utaandika kwamba watu wa Lamu wanapenda sana vipindi vya dini, na msimamizi asiyejua pwani atakupitishia.

Halafu hilo dodoso, naapa linauliza "Je, unamiliki redio?" Barazani wazee sita wanasikiliza redio moja, na aliyeishika ndiye anayechagua stesheni. Hapo kuna utafiti mzuri kuliko huo wako: nani anachagua, nani anabishana na mtangazaji, taarifa ya habari inajadiliwa vipi ikiisha. Lakini huo unataka ukae nao jioni baada ya jioni na daftari, na nyinyi mmeshachapisha dodoso kabla ya kujua mnauliza nini. McCombs na Shaw, wale wa nadharia ya vyombo vya habari kupanga ajenda mnaowataja kila tasnifu, walihoji wapiga kura 100 tu pale Chapel Hill, Marekani, mwaka 1968. Walitaka watu ambao hawajaamua wamchague nani, kwa sababu swali lao liliwahusu hao. Swali ndilo lililowapa sampuli.

Naomba unichagulie nadharia nzuri. Mada bado sijaamua. (Malindi)

Amua mada. Swali hili likija tena nitalitupa.

Nataka kuchanganua jinsi magazeti yalivyoripoti maafa ya Shakahola, msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga kula, kisha niwahoji manusura. Nichukue Aprili 2023 peke yake? (Malindi)

Hizo ni tasnifu mbili, na ya pili sikushauri.

Tuanze na ya kwanza. Aprili 2023 ndipo makaburi yalipoanza kufukuliwa, kwa hivyo ukiishia hapo utapata mshtuko tu. Lawama kwa serikali, mjadala wa kudhibiti makanisa, hesabu ya miili kupita 400, kesi mahakamani: hayo yote yalikuja baadaye, na ndiko utakakoona gazeti lilivyobadili lugha au lilivyochoka. Wala usinitajie zile wiki mbili za kuunda, ambazo kila siku ya juma huchaguliwa kwa nasibu kutoka mwaka mzima. Riffe, Aust na Lacy walionyesha mwaka 1993 kwamba zinatosha kuwakilisha mwaka mzima wa gazeti la kila siku, lakini hiyo ni kwa habari za kawaida. Tukio linalolipuka na kupoa litakuponyoka kati ya Jumanne uliyoipata na Alhamisi uliyoikosa. Kusanya habari zote za Shakahola kwa muda uliojiwekea, hazitakuua.

Manusura wameshahojiwa na polisi, wanahabari, mashirika na wanafunzi. Shahada yako itawapa nini? Kama swali lako ni jinsi habari zilivyoandikwa, wahoji walioziandika: wawakilishi wa magazeti walioingia msituni, na wahariri waliochagua vichwa vya habari na picha. Hao wana la kujibu.

Nina wasimbaji wawili, wanaopanga habari za magazeti katika makundi. Nimepiga Cronbach alfa, nimepata 0.91. Nimepita? (Lamu)

Umepima kitu kingine. Cronbach hupima kama vipengele vya kipimo kimoja vinakwenda pamoja. Makubaliano ya wasimbaji yapime kwa alfa ya Krippendorff: 0.80 kwenda juu uko salama, kati ya 0.667 na 0.80 hitimisha kwa tahadhari. Na kama msimbaji wa pili ni mchumba wako na mlikuwa mkiulizana kila habari mezani, hata 1.00 haina maana.

Nimo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, watu zaidi ya 200. Nichukue mazungumzo bila kuwaambia, wasije wakabadilika? (Langoni, Lamu)

Hapana. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kabla ya sheria kuna ujirani: walimwingiza jirani yao kundini, hawakumwingiza mtafiti. Ruhusa ya admini pekee si ruhusa ya wote. Kufuta majina nako hakusaidii sana huku kwetu, mtu hutambulika kwa msemo wake na kwa jinsi anavyotania. Omba ridhaa, fupisha maneno yao badala ya kuyanukuu, na asiyetaka muache nje.

Kuna mtu ananiandikia sura ya nne, ya matokeo, kwa bei nafuu. Wenzangu wote wamempa. (Malindi)

Basi wenzako wote wana matokeo yanayofanana. Wasahihishaji tunayaona.

Mwanafunzi naye anahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti? (Malindi)

Anahitaji. Maliza kwanza na kamati ya maadili, kisha omba leseni. Ukiipata, wajulishe kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu wa kaunti na ofisi ya gavana kabla hujamhoji mtu wa kwanza. Watu wa Malindi, makao makuu ya kaunti yenu ni Kilifi, kwa hivyo wekeni na nauli kwenye bajeti.