Usimpime binti kwa smashi, mwangalie anavyopokea

Nimefundisha voliboli ya wanawake miaka mingi sasa, kuanzia watoto wa miaka 12 mpaka akina mama wa 40 na kitu, na wazazi wananiuliza swali lile lile: kocha, mbona mwanangu hapigi smashi kama wale dada zake? Jamani, neti ya wanawake wakubwa ni mita 2.24. Mtoto hajafika hata mita moja na nusu, akiruka na mkono wake wote juu ndo kwanza vidole vinagusa utepe, sasa hiyo smashi aipigie wapi? Mshushieni neti. Mimi kosa hilo nililifanya, niliwaweka wadogo kwenye neti ya wakubwa msimu mzima nikidhani nawakomaza, wakazoea kuusukuma mpira kwa kiwiko kilichokunjika, na kuwatoa kwenye hiyo tabia kulituchukua karibu mwaka.

Kiwango cha timu mimi nakisoma kwenye pasi ya kwanza, ule mguso wa kupokea sevu, mpira wa kuanzisha. Wanaoanza, sevu ikivuka tu ni pointi. Wakipanda kidogo sevu inapokelewa ila mpira unaenda kokote, seta, yule anayewapangia wapigaji mpira, anaukimbiza, akiufikia hana namna zaidi ya kuutupa juu pembeni nafasi ya 4, mbele kushoto, na bloku ya wapinzani, wale wanaoruka mikono juu kuzuia, imeshasimama pale inamsubiri mpigaji. Timu iliyoiva pasi inamkuta seta karibu na neti, hapo anaweza kucheza kati, pembeni, nyuma, na bloku haijui iende wapi.

Na umri? Kuna mama mmoja wa miaka 43 nilimchanganya na mabinti wa miaka 19, mabinti wanaoruka kweli kweli, yeye kuruka ndo kumeshapungua. Basi sevu inapigwa, mpira haujafika hata kwenye neti, yeye mguu umeshasogea hatua mbili kushoto na mikono iko tayari, hana haraka. Nikamuuliza umejuaje, akaniambia, "Kocha, bega lake lilishageukia huku." Wale mabinti walikuwa wanaangalia mpira, yeye anamwangalia mtu.

Ndo maana sishangai Fofão kuchukua dhahabu ya Olimpiki na Brazil Beijing 2008 akiwa na miaka 38, wala Monica De Gennaro na Italia Paris 2024 akiwa na 37. Mmoja seta, mwingine libero, yule wa nyuma wa kupokea na kuokoa mipira. Kuruka kunapungua ila jicho linabaki, tena linazidi kunoleka.

Kwa hiyo wadogo wangu siku hizi wanaanza na kupokea dakika 20 kabla ya kitu chochote, na wakubwa wenye magoti yanayolalamika napunguza miruko, naongeza sevu za kulenga. Na huyo mama namsimamisha nyuma ya mabinti kila mazoezi, awe anawaambia kwa sauti anachokiona kabla sevu haijapigwa.